Mhandisi wa Migodi Mbele ya Ubao wa Kidato cha Pili

Mialiko ya kwenda kuzungumza na wasichana wa sekondari huja kwa msimu. Huja kuelekea tarehe 11 Februari, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya wanawake na wasichana katika sayansi, kisha huja tena kuelekea tarehe 8 Machi, na mara nyingi barua hueleza kwamba nitazungumza na wanafunzi wa Kidato cha Nne au cha Sita, kwa kuwa hao ndio wanaokaribia kuchagua masomo ya chuo. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikizijibu barua hizo kwa ombi moja tu, nalo ni kwamba niruhusiwe kuingia Kidato cha Pili. Baadhi ya wakuu wa shule hushangaa, na mmoja wao alinipigia simu kuniuliza kwa upole kama sikuwa nimekosea kuandika.

Sikuwa nimekosea. Kwa utaratibu niliosoma mimi, na ambao wasichana wengi niliowatembelea wamesoma, mwanafunzi hufanya upimaji wa kitaifa mwishoni mwa Kidato cha Pili, na anapoingia Kidato cha Tatu huamua, au huamuliwa, kama ataendelea na Fizikia na Kemia au ataziacha na kubaki na masomo ya sanaa. Msichana anayeiacha Fizikia akiwa na umri wa miaka 15 hawezi kusoma tahasusi zenye Fizikia na Hisabati, kama PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na asiyesoma tahasusi ya aina hiyo hana njia ya moja kwa moja ya kuingia katika shahada ya uhandisi wa migodi. Hotuba nzuri inayotolewa Kidato cha Nne basi huwafikia wasichana wa aina mbili: wale ambao tayari wako kwenye sayansi na pengine wasingeihitaji, na wale ambao walishaiacha miaka miwili nyuma bila mtu yeyote kuwaambia kwamba siku ile walikuwa wanachagua kazi.

Mimi ni mhandisi wa migodi. Nilikulia Kahama, nikasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikapitia mafunzo ya miaka mitatu ya wahandisi wahitimu yanayosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na tangu hapo nimefanya kazi katika migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, kwanza kwenye mgodi wa wazi, kisha chini ya ardhi, na sasa katika idara ya mipango. Nikijitambulisha hivyo darasani, swali la kwanza karibu kila mara ni kama mimi huchimba. Ni swali la haki, kwa sababu katika wilaya zetu mtu wa migodini anayejulikana ni mchimbaji mdogo anayeingia duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia dhahabu, na kutoka na kiroba cha mawe, na hakuna anayemwona yule anayekaa mbele ya kompyuta akipanga ni mwamba upi utoke mwaka huu na upi ubaki hadi mwaka ujao.

Huwaeleza kwamba mjiolojia ndiye anayesema dhahabu iko wapi na ni nyingi kiasi gani, na mhandisi wa uchenjuaji ndiye anayeitenganisha na mawe baada ya kusagwa. Katikati ya hao wawili yupo mhandisi wa migodi, ambaye kazi yake ni kuutoa mwamba ulipo na kuufikisha kwenye kinu bila kumuua mtu na bila kuutia mgodi hasara. Huamua ukuta wa shimo ulale kwa nyuzi ngapi, barabara ya malori iwe na upana gani na mwinuko gani, mashimo ya kulipulia yapangwe umbali gani kati ya moja na jingine. Chini ya ardhi huamua hewa safi ipite wapi, feni iwe na nguvu kiasi gani, na dari ya mwamba ishikiliwe kwa nondo, nyavu za chuma au zege la kurushwa.

Maelezo hayo peke yake hayamshiki msichana wa Kidato cha Pili, na simlaumu. Ndiyo maana huingia darasani na kijiko cha chakula.

Huwaambia wachukulie lori moja kubwa la mgodini, la kubeba tani 140, lililojaa mbale, yaani mawe yenye madini, yenye gramu 2 za dhahabu kwa kila tani, kiwango ambacho mgodi wa wazi unaweza kuchimba kwa faida. Kisha huwauliza: dhahabu yote iliyomo katika lori hilo, tukiitoa na kuikusanya pamoja, itajaza chombo gani? Majibu huanzia kwenye pipa. Wengi husema ndoo, waangalifu husema sufuria. Tunapiga hesabu pamoja ubaoni: tani 140 mara gramu 2 ni gramu 280, na kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa gramu 19.3, tunagawanya na kupata sentimita za ujazo 14 na nusu hivi. Hapo ndipo ninapokitoa kijiko. Kinabeba mililita 15, na dhahabu ya lori zima haikijazi.

Darasa hupiga kelele kidogo, lakini kelele hizo si ndizo ninazozitafuta. Ninalolisubiri ni swali linalofuata, nalo huja lenyewe: kama dhahabu ni kidogo hivyo, mgodi unapataje faida? Msichana aliyeuliza swali hilo ameshaingia katika uhandisi wa migodi bila kujua. Jibu lake ni gharama ya kila tani: dizeli ya lori, matairi, baruti, umeme wa kinu, mishahara, na mawe matupu yanayolazimika kuondolewa ili mbale ifikiwe. Gramu 2 zikishuka zikawa gramu 1, au bei ya dhahabu ikianguka, mwamba uleule unageuka kutoka mbale na kuwa kifusi, ingawa hakuna kilichobadilika ndani yake.

Katika shule moja ya kata mkoani Geita nilikuta ubao bado una somo lililotangulia, nalo lilikuwa trigonometria. Mwalimu wa Hisabati aliomba radhi na kutaka kuufuta. Nilimwomba auache, nikachora pembeni yake shimo la mgodi lenye kina cha mita 200. Nikawaambia kwamba ukuta wa shimo hilo umelazwa kwa nyuzi 45, na nikauliza ukingo wa juu uko umbali gani kwenda pembeni kutoka pale ukuta unapoanzia chini. Kwa kuwa tanjenti ya 45 ni 1, walijibu mara moja: mita 200. Kisha nikauliza itakuwaje ukuta ukisimama kidogo zaidi, ukawa na nyuzi 50. Vitabu vya majedwali vikafunguliwa, kimoja kwa wasichana watatu au wanne, wakapata tanjenti ya 50 kuwa 1.1918, wakagawanya 200 kwa namba hiyo na kupata mita 167.8. Tofauti ni mita 32 na ushei.

Hapo wengi waliona hesabu imekwisha, kwa sababu ndivyo maswali ya kitabuni yanavyokwisha. Niliwaomba wasogee hatua moja. Tofauti hiyo ni pembetatu ya mwamba yenye kimo cha mita 200 na kitako cha mita 32, na kama ukuta una urefu wa kilomita moja, pembetatu hiyo inageuka kuwa zaidi ya mita za ujazo milioni tatu, ambazo kwa mwamba wa kawaida ni zaidi ya tani milioni nane. Mawe yote hayo, yasiyo na dhahabu hata chembe, yangelazimika kulipuliwa, kupakiwa na kusombwa kwa sababu ya nyuzi tano tu. Niliwaacha wagawanye tani milioni nane kwa tani 140 ili wajue ni safari ngapi za lori, na walipofika kwenye safari zaidi ya elfu hamsini na saba, msichana mmoja wa dawati la nyuma aliyekuwa kimya muda wote alinyoosha mkono.

“Sasa madamu, kwa nini wasiusimamishe tu wima kabisa?”

Wenzake walicheka, naye akaketi haraka. Nilimwomba asimame tena, kwa sababu alikuwa ameuliza swali ambalo wahandisi hulipwa mshahara ili walijibu kila siku. Ukuta ukilazwa sana, mgodi unafilisika kwa kubeba mawe matupu, na ukisimamishwa sana unaporomoka juu ya watu na mitambo. Kati ya hofu hizo mbili kuna nyuzi chache za kuchagua, na uchaguzi wake hutegemea ugumu wa mwamba, nyufa zimeelekea wapi, maji yamejificha wapi nyuma ya ukuta na mlipuko umeutikisa mwamba kiasi gani. Niliwasimulia jinsi rada inavyowekwa upande wa pili wa shimo na kuutazama ukuta usiku na mchana, ikipima mwendo wa milimita chache, na jinsi ukuta unaotaka kuanguka mara nyingi unavyoanza kwa kusogea polepole kisha ukaongeza kasi, kiasi kwamba mtu anayesoma grafu vizuri anaweza kuwaondoa watu na mitambo kabla haujashuka. Nilipoondoka, mwalimu wa Hisabati alikuwa bado ananakili namba zile kwenye daftari lake la maandalio ya somo, na hilo lilinifurahisha kuliko shukrani rasmi iliyosomwa na kiranja, kwa kuwa mimi hupita na mwalimu hubaki.

Jambo jingine nililojifunza katika madarasa hayo ni kwamba hesabu ikielezwa kwanza kwa Kiswahili, ndipo ikaandikwa kama itakavyotoka kwenye mtihani, mikono inayonyooka huongezeka. Wasichana wengi niliowakuta wanaamini kwamba hawaiwezi Fizikia, lakini nikiwasikiliza naona hawajawahi kuisikia katika lugha wanayofikiria nayo. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mkubwa kuliko mimi, nami sina nia ya kuumaliza hapa.

Niliyoyaona nikiwa mtoto ndiyo yanayonifanya nikose uvumilivu ninaposikia kwamba migodi ni kazi nzito mno kwa wanawake. Kwenye machimbo madogo ya kwetu wanawake wamekuwapo siku zote. Ndio waliokaa juani wakitwanga mawe hadi yawe unga, ndio waliochota maji ya kuoshea, ndio walioshika zebaki kwa mikono mitupu kwenye mialo ya kuoshea dhahabu, ndio waliopika na kuuza chakula. Vumbi la mawe yale lina silika, na silika ikiingia kwenye mapafu haitoki. Sikumbuki mtu mzima yeyote akisema kwamba kutwanga mawe ni kazi nzito mno kwa mwanamke. Uzito ulianza kutajwa pale mwanamke alipotaka kumiliki duara au kuingia ndani yake, na hapo ndipo ziliposikika pia habari kwamba mwanamke akiingia duarani dhahabu hukimbia, hasa akiwa katika siku zake. Imani hiyo bado ipo, na nimewahi kuulizwa juu yake darasani na msichana ambaye baba yake ni mchimbaji. Nilimjibu kwamba mimi nimeshuka chini ya ardhi katika siku za kila aina, na kipimo cha maabara ya mgodi hakikubadilika kwa ajili yangu.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba fikra hizo ni za vijijini peke yake. Mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 45, uliokataza wanawake kufanya kazi za chini ya ardhi katika migodi ya aina yoyote, isipokuwa kwa makundi machache kama wasimamizi wasiofanya kazi za mikono, wahudumu wa afya na wanafunzi walio katika mafunzo. Nchi nyingi ziliuridhia, na yetu ilikuwa mojawapo. Nia ya waliouandika huenda ilikuwa njema, lakini sheria ya namna hiyo haikuufanya mgodi kuwa salama zaidi kwa mwanamume aliyebaki chini, ilimwondoa tu mwanamke kwenye ujira uliokuwa mkubwa zaidi. Mkataba huo umefutwa rasmi mwaka 2024, maana yake ni kwamba nilishuka mgodini mara nyingi huku ukiwa bado haujafutwa. Wanawake wachimbaji wa hapa kwetu hawakusubiri, kwani chama chao, TAWOMA, kilianzishwa mwaka 1997, wakati migodi mikubwa ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa tunayoijua leo ilikuwa bado haijafunguliwa.

Sitaki mtu aniambie kwamba kazi hii imenyooka, wala siwaambii wasichana hivyo. Wao wenyewe huuliza mambo ambayo wageni rasmi huyakwepa, na swali linalorudi kila mahali, huku likisemwa kwa sauti ya chini, ni kuhusu choo. Katika mgodi mmoja nilikofanya kazi chini ya ardhi hapakuwa na choo cha wanawake kule chini. Kutoka eneo la kazi hadi juu kwa njia ya mteremko, ukisubiri malori yapite kwanza kwa sababu barabara ni nyembamba, muda mrefu ulikuwa unapotea, na ovaroli tulizopewa zilikuwa za kipande kimoja, zilizoshonwa kwa mwili wa mwanamume, ambazo huwezi kuzivua bila kufungua kwanza mkanda wa taa na wa kifaa cha kuokolea pumzi. Matokeo yake ni kwamba wanawake tuliacha kunywa maji zamu nzima, katika joto ambalo kila bango la usalama lilitutaka tunywe maji mara kwa mara. Tuliandika suala hilo katika ripoti ya usalama, kwa lugha ya ripoti ya usalama, tukieleza hatari ya upungufu wa maji mwilini na ya mfanyakazi kupoteza umakini, na halikuandikwa kama ombi la fadhila kwa akina mama. Choo cha kuhamishika kiliwekwa, na ovaroli za vipande viwili zikaletwa, pamoja na buti za namba ndogo. Gharama yake, ukiilinganisha na tairi moja la lori la mgodini, haistahili hata kutajwa.

Huwaeleza wasichana kisa hicho chote bila kukipunguza, kwa sababu naamini msichana aliyeambiwa ukweli mapema hataacha kazi mwezi wa kwanza akidhani kwamba tatizo ni yeye. Huwaeleza pia kwamba wengi wetu hukaa kambini kwa wiki kadhaa kisha tukarudi nyumbani kwa siku chache, na kwamba mpangilio huo huumiza ndoa za wanaume pia, ingawa wao hawaulizwi. Wakiuliza kuhusu ujauzito nawajibu kwa sheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja, na mwajiri hapaswi kumweka mjamzito katika kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto. Kwa mhandisi jambo hilo lina njia, kwa sababu kazi za mipango, usanifu na hesabu za akiba ya dhahabu iliyo ardhini hufanyika ofisini, na mimi mwenyewe nilivuka miezi yangu hivyo. Kwa dada anayeendesha mtambo jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa hana dawati la kuhamia, nami sipendi kulificha hilo.

Kuna sifa moja ambayo wanawake tunapewa migodini na ambayo mimi siifurahii, kwamba sisi huendesha malori kwa utulivu na kuyatunza matairi kuliko wanaume. Inasemwa kwa nia nzuri, na huenda kuna mahali imeonekana kuwa kweli, lakini inamtaka mwanamke awe bora kuliko mwenzake ndipo astahili kiti. Ningependa tufike mahali ambapo mwanamke anaweza kuwa mhandisi wa wastani, kama walivyo wahandisi wengi wanaume ninaowaheshimu, na akaendelea na kazi yake bila mtu kumtazama.

Nikirudi kwenye Kidato cha Pili, sababu zinazowafanya wasichana waiache Fizikia si za siri, na nyingi hazihusiani na uwezo. Shule ina walimu wawili wa Historia na haina hata mmoja wa Fizikia. Jengo la maabara lipo, lakini ndani mna madawati yaliyovunjika na meza zisizo na maji. Msichana anayetembea kilomita kadhaa hadi shuleni hurudi nyumbani jioni na kukuta ndoo na kuni zinamsubiri, huku kaka yake aliyetoka shule hiyohiyo akiwa uwanjani, na daftari la Hisabati hufunguliwa wakati macho yameshachoka. Kisha huja ushauri wa watu wazima wenye mapenzi mema, wakiwamo walimu, kwamba achague masomo yatakayompa alama nzuri. Ukiangalia matokeo ya mwaka mmoja ushauri huo una mantiki, lakini ukiangalia maisha ya miaka arobaini ya kazi unakuwa hasara.

Serikali imejenga shule za sekondari za sayansi kwa ajili ya wasichana katika mikoa, na tangu mwaka wa masomo 2022/2023 upo ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi Kidato cha Sita na kudahiliwa vyuoni. Naviunga mkono vyote viwili kwa moyo wote. Ila ufadhili huo unamkuta msichana aliyekwisha kupenya chujio mbili au tatu, na chujio linalonisumbua mimi ni lile la kwanza, lililoko katika shule za kata zilizo jirani kabisa na migodi yetu.

Kwa sababu hiyo siku hizi huomba pia nafasi katika kikao cha wazazi. Kikao hicho ni kigumu kuliko darasa lolote. Katika kijiji kimoja mzee aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, na ambaye nilikuwa nimemwamkia vizuri na kuitikiwa vizuri, alisimama akaniuliza, “Mwanangu, huyu binti akienda huko kwenye mashimo pamoja na wanaume, ataolewa na nani?” Watu walitulia kusikia nitajibu nini. Nilimwambia kwamba mimi niliolewa na mwalimu, kwamba tuna watoto, na kwamba posa haikuwahi kuulizia cheti changu. Kina mama walicheka, naye akacheka, lakini akaendelea na swali ambalo nadhani ndilo lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo: itachukua miaka mingapi, na je, akikwama njiani fedha zitakuwa zimepotea?

Nilimhesabia. Kidato cha Tatu na cha Nne ni miaka miwili, cha Tano na cha Sita miwili mingine, chuo kikuu miaka minne, kisha mafunzo ya uhandisi miaka mitatu ambayo tayari anakuwa kazini. Akishindwa kufika Kidato cha Tano bado ipo stashahada katika Chuo cha Madini Dodoma, na yapo mafunzo ya ufundi wa mitambo ya migodini katika chuo cha VETA Moshi, na fundi mchundo mzuri wa mitambo hakosi wa kumhitaji. Nilimwambia pia kwamba katika njia hizo zote Hisabati na Fizikia za Kidato cha Nne zinazoeleweka humsaidia sana binti, hata kama si za alama ya juu kabisa. Mzee alitikisa kichwa kukubali, halafu akauliza, safari hii akimtazama mkuu wa shule, hiyo Fizikia atafundishwa na nani.

Mkuu wa shule alikiri kwamba mwalimu hayupo na kwamba ameomba kwa barua zaidi ya moja. Kikao kikageuka kuwa kikao cha mwalimu wa Fizikia, nami nikakaa kimya, kwa sababu wazazi walikuwa wamefika kwenye jambo lenyewe bila kusukumwa. Walikubaliana kuchangia posho ya kijana mmoja mhitimu wa pale kijijini ili ajitolee kufundisha Kidato cha Kwanza na cha Pili wakati mwalimu wa serikali akisubiriwa. Diwani alikuwapo, na kabla hajafunga daftari lake nilimkumbusha jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kampuni ya mgodi inatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri. Katika orodha za miradi nilizowahi kuziona, fedha hizo huenda zaidi kwenye kuta, mabati na madawati, ambavyo vinahesabika kwa urahisi na kufunguliwa kwa utepe. Hakuna kinachozuia halmashauri kupendekeza vifaa vya maabara, vitabu vya majedwali vya kumtosha kila mwanafunzi, au posho ya walimu wa sayansi katika kata zinazouzunguka mgodi. Diwani aliandika vitu hivyo vitatu, akamuuliza mkuu wa shule idadi ya wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, na akaahidi kuvipeleka kwenye kamati kabla ya mpango wa mwaka unaofuata kujadiliwa.